Filta Mbili za Hewa Katika Gari Moja: Jinsi ya Kuzinunua kwa Bei Nafuu Dar es Salaam Bila Kuiumiza Injini

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam leo yana filta mbili za hewa. Ya kwanza imo chini ya boneti, ndani ya boksi la plastiki lililobanwa kwa klipu, nayo husafisha hewa inayovutwa na injini. Ya pili imejificha nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria wa kushoto, nayo husafisha hewa ambayo feni ya AC huipuliza ndani ya gari. Zote mbili ni karatasi au kitambaa kilichokunjwa mikunjo mingi na kuzungushiwa fremu, zote huuzwa katika maduka yale yale ya Kariakoo, Gerezani na Ilala, na mara nyingi huwekwa kwenye rafu moja. Ndiyo maana wanunuzi wengi huzinunua kwa kanuni moja: mwenye haraka huchukua ya bei ya chini kwa zote mbili, na mwenye hofu hudai orijino kwa zote mbili. Wote wawili hupoteza fedha.

Kila filta inahitaji kanuni yake ya manunuzi, na sababu ni namna kila moja inavyoshindwa kazi. Filta mbovu ya injini haitoi taarifa: gari huendelea kuwaka asubuhi, huendelea kuvuta, na vumbi huendelea kusaga silinda hadi siku injini itakapoanza kula oili, na wakati huo hakuna filta ya gharama yoyote itakayorudisha chuma kilichokwisha kusagika. Filta mbovu ya AC hujitangaza yenyewe kwa harufu, kwa upepo dhaifu na kwa vioo kujaa ukungu wakati wa mvua, na uchafu inaouachia unaweza kusafishwa. Kwa hiyo kwenye injini inafaa kulipia uhakika, na kwenye AC inafaa kulipia upya wa mara kwa mara.

Hewa inayopita na vumbi inalobeba

Injini ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.74, na katika joto la kawaida la Dar es Salaam mita moja ya ujazo ya hewa huzidi kilo moja kwa kiasi kidogo tu. Ukipiga hesabu hiyo utakuta kwamba kila lita ya petroli huchomwa pamoja na zaidi ya lita 9,000 za hewa. Aliyejaza lita 30 na kuzimaliza amepitisha katika ile karatasi moja hewa inayozidi lita 270,000, na hewa hiyo imevutwa karibu na usawa wa barabara, nyuma ya lori la kokoto au daladala iliyotoka kukanyaga bega la barabara.

Jiji lenyewe limekaa juu ya mchanga wa pwani, na sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatzi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yako daraja la 7, magumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Chembe zinazoonekana kwa macho si hatari kubwa, kwa kuwa filta yoyote yenye heshima huzikamata. Zinazoogopwa zaidi ni zile zenye upana wa kati ya mikroni 5 na 20 hivi, ilhali unywele wa binadamu hufikia mikroni 70. Chembe za ukubwa huo ni ndogo kiasi cha kupenya hadi kati ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda, lakini ni nene kuliko utando wa oili uliopo hapo, hivyo hugusa chuma pande zote mbili na kukikwangua kila pistoni inapopanda na kushuka.

Watu wengi huidhania filta kuwa chekeche: kikubwa kinabaki juu, kidogo kinapita. Kwa kweli matundu ya karatasi ya filta ni mapana kuliko chembe nyingi inazozikamata. Hewa inapopinda kuzunguka nyuzi za karatasi, chembe yenye uzito hushindwa kupinda pamoja nayo, hugonga uzi na kunata. Zilizo ndogo sana husukumwasukumwa na hewa yenyewe hadi zikaangukia uzi. Baada ya muda vumbi lililonata hutengeneza tabaka, na tabaka hilo nalo huanza kuchuja. Hii ina maana ambayo wengi huishangaa: filta mpya kabisa hupitisha vumbi zaidi kidogo kuliko filta iliyokwisha kutembea kilomita kadhaa. Kwa hiyo kubadilisha filta ya injini kabla ya wakati wake, kwa kudhani kwamba unaitendea injini wema, ni kutupa fedha na kuirudisha injini katika kile kipindi cha mwanzo ambacho kinga yake ni dhaifu. Vivyo hivyo, kulifungua boksi kila wiki ili kuitazama filta hakuna faida, kwa sababu kila linapofunguliwa kuna vumbi linaloweza kudondokea upande safi.

Kuna pia dai linalorudiwa katika kila gereji, kwamba filta chafu inakula mafuta. Kwa magari ya zamani yenye kabureta dai hilo lina ukweli, lakini kwa magari ya petroli yenye mfumo wa kisasa wa sindano za kunyunyizia mafuta haliko hivyo. Mwaka 2009 Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima magari yaliyowekewa filta zilizoziba kwa makusudi, na ikakuta kwamba katika magari yenye mfumo wa kisasa ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiwango cha kuhesabika, isipokuwa gari lilichukua muda mrefu zaidi kuongeza mwendo. Sababu ni kwamba kompyuta ya injini hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta ili uwiano usiharibike. Filta iliyoziba huwa kama mguu uliopunguza kukanyaga, na dereva hukanyaga zaidi bila kujua. Injini ya dizeli ni jambo jingine. Ikinyimwa hewa wakati inapovuta mzigo hutoa moshi mweusi, na huo ni mafuta yaliyopita bila kuungua sawasawa. Mwenye Hiace au Coaster ya dizeli ana haki ya kuhofia mafuta yake. Mwenye Toyota IST ya petroli anunue filta kwa ajili ya silinda na ringi, wala asitegemee kwamba itamrudishia fedha kwenye kituo cha mafuta.

Namba kabla ya bei

Hasara kubwa katika ununuzi wa filta ya injini haitokani na karatasi mbaya. Inatokana na filta ambayo si ya gari hilo, iliyolazimishwa kuingia. Filta iliyo pungufu milimita mbili upande mmoja huacha mwanya, na hewa, kama kitu chochote kinachotiririka, hupendelea njia rahisi. Karatasi inaweza kuwa bora kuliko zote sokoni, lakini kama ukingo wake wa mpira haukukaa sawasawa juu ya mdomo wa boksi, vumbi lote linalopita kwenye mwanya huo linaingia kwenye injini bila kuchujwa hata kidogo. Neno la kuogopa dukani ni lile la muuzaji anayesema kwamba hiyo nayo inaingia tu.

Kumwambia muuzaji kwamba unataka filta ya IST hakutoshi. IST ya kwanza, ile iliyotoka kuanzia mwaka 2002, ina matoleo ya NCP60 yenye injini ya lita 1.3 na NCP61 ya lita 1.5, ile iliyofuata kuanzia mwaka 2007 ina NCP110 na ZSP110, na hiyo ya mwisho ina injini ya lita 1.8. Jina la biashara ni moja, magari ni tofauti. Vivyo hivyo kwa Vitz, Noah, RAV4 na Harrier, ambazo zimepita vizazi kadhaa huku zikibeba jina lile lile. Kitambulisho cha kuaminika ni kibati kilichogongwa chini ya boneti au penye nguzo ya mlango, ambacho huonyesha msimbo wa modeli na aina ya injini. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi hapa, hayana namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 kama magari ya soko la Ulaya au Marekani. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Ndiyo sababu katalogi nyingi za mtandaoni huikataa namba iliyoandikwa kwenye kadi ya gari lako, na si kwamba gari lina kasoro. Tafuta katalogi inayokubali msimbo wa modeli.

Baada ya msimbo, tafuta namba ya spea. Kwa kawaida Toyota huanza namba za filta ya injini kwa 17801 na za filta ya AC kwa 87139, Nissan hutumia 16546 kwa injini na 27277 kwa AC, na Honda hutumia 17220 kwa injini na 80292 kwa AC. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zinazoitofautisha filta moja na nyingine. Namba hiyo mara nyingi imechapishwa kwenye fremu ya filta ya zamani, hivyo njia ya haraka kuliko zote ni kuitoa filta iliyopo, kuipiga picha pande zote mbili pamoja na maandishi yake, na kwenda nayo dukani au kumtumia muuzaji kwa WhatsApp. Ila uwe na tahadhari moja: filta uliyoikuta huenda iliwekwa na mtu aliyekosea kabla yako, kwa hiyo linganisha namba yake na msimbo wa modeli kabla ya kuiamini.

Ukishaipata namba ya spea, mlango wa bei nafuu unafunguka. Watengenezaji wa filta kama Denso wa Japani, Mann-Filter, Mahle na Bosch wa Ujerumani, na Sakura wa Indonesia, huchapisha katalogi zinazoonyesha filta yao ipi inalingana na namba ya mtengenezaji wa gari. Toyota yenyewe hupata vifaa vyake vingi kutoka kwa makampuni ya kundi lake na ya jirani, yakiwemo Denso na Toyota Boshoku. Kwa hiyo ile hofu kwamba kisicho na boksi la Toyota ni cha kubahatisha haina msingi. Filta ya kampuni inayojulikana, yenye namba inayolingana, inaweza kukaa kwenye gari lako sawasawa na ile yenye nembo ya mtengenezaji wa gari huku bei yake ikiwa chini kwa kiasi cha kufurahisha. Hapo ndipo ninapoona mnunuzi wa Dar es Salaam anapaswa kusimama kwa filta ya injini: katikati, kati ya boksi la Toyota na ile isiyo na jina.

Kilichomo ndani ya boksi

Bidhaa bandia zipo, na zilizo hatari zaidi hazifanani na bidhaa bandia. Boksi huchapishwa vizuri, stika hubandikwa, hata ile ya kung'aa, na namba huwekwa sahihi. Kwa hiyo usipoteze muda mwingi kulikagua boksi. Ifungue filta mbele ya muuzaji, na muuzaji anayekataa filta isifunguliwe amekwisha kukujibu swali lako.

Kwanza bonyeza ukingo wa mpira. Unatakiwa uwe laini, urudi ulipokuwa mara unapoachia, na uwe na unene ule ule kuzunguka filta nzima, bila sehemu iliyopungua kwenye kona. Ukingo mgumu kama plastiki hautabana, na ukingo unaonata vidoleni utaharibika mapema kwenye joto la injini. Kisha tazama mikunjo. Inapaswa kusimama wima, yenye nafasi sawa, iliyozama ndani ya mpira au gundi miisho yote miwili. Mikunjo inayolaliana huziba njia ya hewa, na ule mwisho ambao haukushikwa na gundi ni tundu tayari. Iinue filta juu ya mwanga wa jua: karatasi nzuri hupitisha mwanga hafifu uliosambaa, wala haionyeshi nukta zinazong'aa. Jaribio hili hufichua karatasi iliyotoboka tu. Halikuhakikishii kwamba karatasi inachuja vizuri, na muuzaji anayelitumia kama uthibitisho wa ubora anakuuzia maneno.

Kipimo ninachokithamini zaidi ni kuhesabu mikunjo na kuilinganisha na ya filta ya zamani inayojulikana kuwa sahihi. Kinachobeba vumbi ni eneo la karatasi, na eneo hilo limefichwa ndani ya mikunjo. Chukulia filta mbili zenye fremu sawa, kila mkunjo ukiwa na kina cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 20. Yenye mikunjo 60 ina sentimita za mraba 9,600 za karatasi, na yenye mikunjo 40 ina 6,400 tu. Kwa macho ya haraka zinafanana, zinaingia kwenye boksi lile lile, na ya pili inaweza kuuzwa nafuu kwa sababu mtengenezaji ameondoa theluthi ya karatasi. Hewa ile ile ikilazimishwa kupita katika eneo dogo hupita kwa kasi zaidi, vumbi hujaa mapema, na filta huziba kabla ya muda.

Hapa ndipo bei inapopaswa kugawanywa kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, filta moja ni shilingi 10,000 na inadumu kilomita 5,000 katika njia yako, na nyingine ni shilingi 25,000 na inadumu kilomita 15,000. Ya kwanza inakugharimu shilingi 2 kwa kila kilomita, ya pili shilingi 1.67, bado hujahesabu nauli ya bodaboda na malipo ya fundi mara tatu badala ya mara moja. Si kila filta ghali inadumu, lakini swali la kumwuliza muuzaji na kujiuliza mwenyewe ni hilo la kilomita.

Dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina la bidhaa, si neno spea peke yake, na mkubaliane kwa maandishi mafupi, hata ujumbe wa simu, kwamba filta itarudishwa ikiwa haikai. Bidhaa yenye nembo ya kughushi ni suala la Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na malalamiko yasiyo na risiti hayana pa kushika. Wanaonunua kupitia kurasa za Instagram na kuletewa mzigo nyumbani wanalihitaji hili zaidi, kwa sababu duka lenyewe hawalijui lilipo.

Kupuliza, kuosha na muda wa kubadilisha

Kupuliza filta kwa upepo wa kompresa ni desturi ya kila gereji, na si kosa moja kwa moja, lakini jinsi inavyofanywa mara nyingi ni kosa. Upepo mkali uliosogezwa karibu na karatasi hupanua matundu na kuchana gundi ya mikunjo, na ukipuliziwa kutoka upande mchafu husukuma vumbi ndani zaidi. Kama kitabu cha gari lako kinaruhusu kupuliza, upepo uwe mdogo, utoke upande safi kwenda upande mchafu, na mdomo wa bomba ukae mbali na karatasi. Zipo pia filta za karatasi iliyolowekwa mafuta maalumu kiwandani, zinazotumika katika baadhi ya magari ya Nissan, Subaru na Honda. Hizo hazipulizwi kabisa, hutumika mpaka muda wake uishe kisha hubadilishwa. Fundi anayeona karatasi yake ina unyevunyevu wa mafuta na kudhani kwamba injini imerudisha oili anaweza kuitupa filta nzima bila sababu, au kuiharibu kwa kuipuliza. Filta ya karatasi isioshwe kwa maji hata siku moja.

Vitabu vya watengenezaji wengi huweka ubadilishaji wa filta ya injini katika makumi ya maelfu ya kilomita kwa gari linalotembea kwenye lami, kisha huagiza muda huo upunguzwe kwa gari linaloishi kwenye vumbi. Anayetoka Masaki kwenda Posta na kurudi yuko katika kundi la kwanza. Anayeishi Kivule, Goba ya ndani, Chanika au Madale, akianza na kumaliza kila siku kwa barabara ya udongo, yuko katika kundi la pili hata kama sehemu kubwa ya safari yake ni barabara ya lami. Njia ya busara ni kuikagua filta kila unapobadilisha oili, kwa kuwa siku hiyo gari limesimama na boneti iko wazi, na kuandika kwa kalamu kwenye fremu ya filta kilomita ilizowekewa.

Ukaguzi wenye maana zaidi hauihusu filta. Unahusu upande safi wa boksi. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba linalotoka kwenye boksi kwenda injini. Kitambaa kikitoka safi, filta na mpira wake vinafanya kazi. Kikitoka na vumbi, ama filta haikukaa, ama klipu imevunjika na kifuniko hakibani, ama bomba la mpira limepasuka kati ya filta na injini, jambo la kawaida kwa magari yaliyokwisha kupigwa na joto la miaka mingi. Katika hali hiyo kununua filta ya bei kubwa zaidi hakusaidii chochote. Bomba au klipu ndiyo inayohitaji fedha hizo. Na gari lililopita kwenye maji, kama inavyotokea Jangwani mvua za masika zinapozidi, lifunguliwe boksi kabla ya kuwashwa tena: karatasi iliyolowa hubadilishwa, haikaushwi juani, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kulegea, na maji yakikutwa upande safi gari lisiwashwe hadi fundi alitazame.

Filta ya AC

Filta hii kwa kawaida haina karatasi. Ni kitambaa cha nyuzi za plastiki ambazo nyingi huwekewa chaji ya umeme kiwandani ili zinase chembe ndogo bila kuzuia upepo. Maji na sabuni huiondoa chaji hiyo, hivyo filta iliyooshwa inaweza kuonekana mpya huku ikiwa imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Hata bila kuoshwa, masizi ya dizeli huipunguza taratibu. Kwa sababu hiyo filta ya kawaida iliyo mpya ni bora kuliko filta ya gharama iliyokaa miaka mitatu, na ndipo pale kanuni ya AC inapotofautiana na ya injini: nunua ya bei ya chini inayokaa vizuri, na ibadilishe walau mara moja kwa mwaka, mapema zaidi kama unapita kwenye vumbi kila siku. Kazi yenyewe haihitaji fundi katika magari mengi ya Toyota. Droo huachishwa pembeni, kifuniko cha plastiki huvutwa, na filta hutoka. Angalia tu mshale uliochapishwa kwenye fremu, kwa kuwa filta iliyogeuzwa huchakaa vibaya, na hakikisha kwamba fremu haijalegea kiasi cha kujikunja feni inapowekwa kasi ya mwisho.

Zipo zenye tabaka la mkaa amilifu, za rangi ya kijivu au nyeusi, ambazo hunasa pia harufu na baadhi ya gesi. Kwa anayekaa foleni ya Barabara ya Mandela nyuma ya malori asubuhi na jioni, tofauti hiyo inafaa kulipiwa, na ningemshauri mwenye watoto wenye pumu asiihesabu kuwa anasa. Lakini rangi peke yake si uthibitisho; mkaa una uzito, na ukiishika mkononi pamoja na ile nyeupe ya ukubwa huo huo unapaswa kuuhisi. Mkaa pia hujaa, na ukishajaa hubaki kuwa kitambaa cha kawaida.

Kinachosikitisha ni ushauri unaotolewa kwa upole na mafundi wengi, kwamba filta ya AC iondolewe tu ili baridi ije kwa nguvu. Upepo utaongezeka siku hiyo, ndiyo. Lakini nyuma ya filta kuna evapareta, ile koili yenye mapezi membamba inayopoza hewa, na katika unyevu wa Dar es Salaam koili hiyo hulowa maji muda wote AC inapofanya kazi. Vumbi likikutana na maji hayo huwa tope, tope hushika katikati ya mapezi, na ukungu huota juu yake. Miezi kadhaa baadaye upepo hupungua tena, harufu ya uvundo inaanza, na safari hii kinachotakiwa kufunguliwa ni dashibodi. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani hakiiokoi evapareta, kwa kuwa hewa inayozungushwa nayo hubeba vumbi la viatu na viti, na katika magari mengi ya Kijapani hewa hiyo pia imepangiwa kupita kwenye filta.

Kabla ya kumlaumu fundi, hata hivyo, fungua uangalie. Baadhi ya magari ya daraja la chini yaliyouzwa Japani yalitoka kiwandani bila filta ya AC, kwa kuwa ilikuwa ni kifaa cha kuongezwa kwa malipo, na mengine filta iliondolewa na mmiliki aliyetangulia. Ukikuta nafasi ipo na fremu ya kubebea ipo, nunua filta peke yake. Ukikuta nafasi ipo bila fremu, uliza kwa namba ya spea kama fremu huuzwa kando, au itafute kwenye maduka ya spea zilizotumika, kwa sababu filta iliyosokomezwa bila fremu itaanguka juu ya feni. Na kama gari limetembea miaka bila filta, evapareta isafishwe kwanza kwa dawa ya povu ya kusafishia koili, maji machafu yaachwe yatoke kupitia bomba la chini, ndipo filta mpya iingizwe.